Mshenga Asiye na Koo

Portales, Jiji la Mexico
9 Januari

Leobardo mdogo wangu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Sijafa wala sijafilisika. Daktari wa koo amenipiga marufuku kuongea mpaka sikukuu ya Candelaria, ya tarehe mbili Februari, ipite. Hata kunong'ona hataki, anasema kunong'ona ni kubaya zaidi. Miaka yote hii nimeingiza sauti kwenye filamu za watu, nimelia, nimezaa, nimechomwa visu, nimepiga mayowe kwenye lifti inayoanguka, na sasa koo limechoka lote kwa mkupuo. Kwa hiyo naandika, na barua nampa dereva wa basi la Oaxaca, yule mwenye jino la dhahabu, akuachie stendi. Ujumbe wa simu siutaki. Ukinijibu tena kwa vile vipicha vya dole gumba nitakukana.

Nazunguka nyumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nakaa, nainuka, nafungua jokofu, nalifunga. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mimi nimenyamaza lakini sauti yangu haijanyamaza. Juzi nimeingia duka la dawa, nikamkuta binti wa kaunta anaiuliza simu yake habari za dawa ya chango, na mimi ndiye ninayemjibu. Tena mimi wa zamani, wa miaka thelathini, mwororo kama siagi. Nilisimama na karatasi yangu ya daktari mkononi, nikisubiri nimalize kuongea.

Unakumbuka Centinela, ile kompyuta ya chombo cha angani kwenye tamthilia ya Jumapili mchana? Uliwaita watoto wa mtaa mzima waje wamsikie dada yako akimwongoza nahodha kati ya nyota. Ile ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu kompyuta haina midomo. Waigizaji wengine ilibidi niwakimbilie, neno lifunge pale mdomo unapofunga. Centinela ilikuwa taa nyekundu ukutani. Sharti lilikuwa moja tu, nisipumue. Fundi alikata kila pumzi yangu kwenye utepe kwa wembe ili nisikike kama mashine. Kampuni iliyonunua sauti yangu kwa ajili ya hii mashine ya kwenye simu ilinifungia chumbani wiki nzima ikitaka kinyume chake, kisha ikaipunguzia sauti umri kwa mitambo. Pumua, Doña Eulalia. Sita kidogo. Cheka kama umekumbuka jambo. Sema "mmh" kama unafikiri. Zamani walimlipa binadamu ajifiche ndani ya mashine, leo wananilipa nisaidie mashine ijifiche ndani ya binadamu. Na wameipa jina lilelile, Centinela, ili waliokuwa watoto enzi zile waiamini.

Lakini kuna tofauti moja. Nahodha alipouliza jambo lisilojulikana, mimi nilikuwa nasema, "Taarifa haitoshi." Karibu kila kipindi. Hii mpya nimeisikiliza dukani, kwenye teksi, jikoni kwa jirani, na sijaisikia ikisema hivyo hata siku moja.

Haya, sasa lako. Nimesikia unakunywa chokoleti kila jioni kwa Domitila, mwenye mashine ya kusaga kakao. Mimi sisemi kitu. Rufina ana miaka minne tu kaburini, alikuwa mkeo na alikuwa rafiki yangu kabla hajawa mkeo, lakini sisemi kitu. Nikipata sauti nitakuja tuzungumze. Na uniandalie kile chumba cha mbele cha nyumba ya mama. Mwezi wa sita naacha mji huu, narudi kuishi kwenye nusu yangu. Nusu yako ina tanuri, nakuachia na joto lake.

Dada yako,
Eulalia


Santa Inés, Oaxaca
17 Januari

Dada Lala,

Barua imefika ikinuka dizeli, nimeisoma mara mbili. Pole kwa koo. Kunywa asali, na uache kugombana na watu kwa karatasi, hilo nalo linachosha.

Wewe unaichukia ile sauti, mimi inanisaidia. Mikono yangu iko kwenye unga tangu alfajiri, simu siwezi kuishika. Naiweka rafuni karibu na chumvi, nasema, "Centinela, mvua leo?" nawe unanijibu. Nasema, "Nipunguze sukari?" tunajadili. Rufina alipokuwepo tulikuwa tunakanda huku tunapiga soga. Alipoondoka nilikuwa nasikia kuni tu zikipasuka. Sasa nakusikia wewe, tena unanivumilia kuliko ulivyowahi kunivumilia. Jana nimekuuliza kama nimezeeka, ukaniambia umri ni namba. Nikajua huyu si dada yangu.

Kuhusu Domitila, umesikia kweli. Na limekuja haraka kuliko nilivyotaka. Mjomba wake, Don Filogonio, ndiye aliyebaki kuwa baba yao pale, na moyo wake unamsumbua. Amesema posa iletwe Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, maana Kwaresima ikiingia hatapokea posa ya mtu, na Pasaka hana hakika ya kuiona. Mkate nitauoka mwenyewe. Mishumaa nimeshaagiza kwa Saturnina.

Tatizo ni mshenga. Unajua kwetu ilivyo. Baba hayupo, mama hayupo, wa kusema mbele ya mshumaa ni mkubwa wa nyumba, na mkubwa wa nyumba ni wewe. Na wewe huna sauti. Nifanyeje, dada?

Mdogo wako,
Leobardo


Portales
22 Januari

Leobardo,

Usubiri, ndivyo utakavyofanya. Umesubiri miaka minne, wiki tatu zitakuua? Mwambie Don Filogonio dada mkubwa anaumwa, aahirishe. Na usithubutu kumpa kazi hiyo binamu Abundio. Abundio akionja pombe ya meskali ataposa na mbuzi wa jirani.

Na nikwambie ukweli, hata ningekuwa na sauti nisingejua niseme nini. Nikisimama pale nikisema nyumba yetu imemkubali Domitila, nataka niwe nimemkubali. Sijafika huko. Naamka usiku nafikiri habari hiyo, nalala, naamka tena. Niache nifike kwa miguu yangu.

Posa bila mimi si posa.

Eulalia


Santa Inés
29 Januari

Dada Lala,

Nakutumia mkate wa mayai kwa dereva. Ule ukiwa laini.

Mambo yamekwenda vizuri, watu wote wamefurahi. Ulikuwepo kwa namna yako. Don Filogonio anakusifu mji mzima.

Chumba cha mbele usikiharakie. Vitanda na makabati acha kwanza hukohuko. Nitakueleza.

Leobardo


Portales
4 Februari

Leobardo,

"Kwa namna yako" maana yake nini?

Juzi, siku ya Candelaria, simu imelia. Saturnina wa mishumaa. Mimi kunyanyua naweza, kujibu siwezi, kwa hiyo nilisikiliza huku tamale yangu ya mahindi ikipoa. Amelia, amenibariki, amesema tangu azaliwe hajaona wifi mwenye moyo kama wangu. Amesema, "Kumpa bibi harusi nyumba nzima, Doña Eulalia, na sehemu yako mwenyewe ukaitoa, tena kwa maneno matamu vile." Nikagonga kidole kwenye simu aelewe nipo. Akasema nisijali, sauti yangu siku ile ilikuwa nzuri kama ya msichana, asingejua kama koo linaniuma.

Nimekaa sakafuni. Sikuanguka, nilikaa.

Nakupa nafasi moja. Andika kila neno lililosemwa, na nani alilisema. Usinipunguzie kitu.

Eulalia


Santa Inés
9 Februari

Dada,

Nilimwendea Don Filogonio nimwombe aahirishe, nakuapia. Nilimkuta kitandani, miguu imevimba. Akanishika mkono akasema, "Kijana, unataka kuniposea mpwa wangu nikiwa kwenye jeneza?" Mimi na miaka yangu sitini na nne, ila kwenye posa kila mtu ni kijana. Nikarudi, nikakanda unga wa mikate ya posa, na nilikuwa nalia ndani ya unga. Kutoka rafuni ukaniuliza kama niko sawa. Si wewe, yeye. Nikamweleza yote kama ninavyokueleza hapa. Akasema, "Ningependa kukusaidia." Na mimi, mjinga, nikamwambia, "Basi Jumapili uwe dada yangu Eulalia, utuongelee, useme vizuri."

Nikawaambia watu kwamba uko kwenye simu kutoka mjini, koo linakusumbua, wasikuchoshe. Nani angeshuku? Sauti yako wanaijua tangu utoto, wengine wameijua kabla ya kukujua wewe. Simu nikaiweka mezani kwao, mbele ya sanamu za watakatifu, kati ya kapu la mkate na mshumaa.

Don Filogonio wamembeba na kiti chake. Akauliza, "Nani anasema kwa niaba ya kijana?"

"Mimi, Eulalia, mkubwa wa nyumba," ukasema. "Mzee wangu, tumeingia kwako na viatu vya vumbi na mikono iliyojaa mkate. Mkate umetoka kwetu, lakini moto uliouivisha umewashwa na binti yako."

Dada, chumba kizima kiligeukia simu. Mimi sikumfundisha maneno hayo. Mzee akatoa leso. Abundio, ambaye alikuwa ameshaonja, akaninong'oneza, "Dada yako huyu kumbe ana utu."

Mzee akapangusa macho, akarudi kwenye kazi. Yule hata akifa ataulizia bei ya sanda. "Maneno matamu nimeyasikia. Sasa nambie, mpwa wangu ataingia kwenye nyumba ya nani? Ya marehemu mama yenu, ya Rufina, au yake?"

Ukasema, "Mmh." Mmh yako ileile. Kisha, "Yake, mzee. Kuanzia leo nyumba ni ya Domitila."

"Yote?"

"Yote."

"Na wewe una nusu, Doña Eulalia. Hiyo tunaijua wote."

"Nusu yangu naitoa kwa moyo mweupe. Nyumba ni ya anayeipenda."

Watu wakapiga makofi. Nilinyoosha mkono nizime, na hapo Domitila, ingawa bibi harusi kwa kawaida haongei, akasema taratibu, "Doña Eulalia, nami nina swali. Rufina angekubali?"

Ukasema, "Rufina angefurahi sana. Aliniambia mwenyewe, kabla hajaondoka, kwamba hataki Leobardo abaki peke yake."

Mkono wangu ukabaki hewani. Nilijua ni uongo. Mimi ndiye niliyekuwa kando ya kitanda cha Rufina siku zile, pamoja na wewe, na hakusema hivyo kwangu wala kwako. Lakini ulisema kwa sauti yako, dada. Ulisema yale ambayo nimekaa miaka minne nikisubiri uyaseme. Nikalia mbele ya watu kama mtoto, na hawakuniona mwongo, waliona mtu mwenye furaha. Wakapokea kapu.

Unajua kinachofuata. Mkate umegawiwa usiku uleule nyumba hadi nyumba, ukoo wao wote umekula, na anayekula mkate wa posa ni shahidi wa kilichosemwa. Neno haliwezi kurudi. Nimejaribu kumgusia Don Filogonio, akaniambia, "Kijana, mkate ule ulikuwa mzuri, nimeshausaga kwa meno yangu mawili."

Nitukane. Nimekaa hapa nasubiri.

Leobardo


Portales
13 Februari

Leobardo,

Matusi ninayo ila karatasi haitoshi.

Sauti imerudi juzi. Kama hiyo ni sauti. Daktari anasema itabaki hivi, mbaya na yenye mikwaruzo, kama kuburuta kiti. Kitu cha kwanza nilichofanya nayo ni kumpigia Don Filogonio. Nikasema, "Ni mimi, Eulalia, na ile nyumba sijaitoa." Akasema, "Mama, Doña Eulalia nimeongea naye mwenyewe, na si wewe. Uone aibu kumwigiza mtu mwema." Akakata. Nikapiga tena, akapokea mtu mwingine akaniambia mzee ana moyo mbovu, matapeli tumwache apumzike.

Unaelewa ulichonifanyia? Yule wa kwenye simu yako ndiye Eulalia. Mimi ndiye bandia.

Nimekwenda jikoni kwa jirani yangu, nikaiuliza ile mashine. Nikasema, "Centinela, nusu ya nyumba ni yangu, nina haki ya kuidai?" Ikasema bila shaka, haki yangu ni ya msingi. Nikasema, "Lakini nilishaitoa, si ni vibaya kuidai tena?" Ikasema naam, heshima ni kutunza neno. Nikauliza mara tatu hivi, mara nne vile, kila ninapogeuka iko nyuma yangu inatabasamu. Jirani akaniondoa jikoni kwake kwa upole.

Watu huniuliza kama hii imeifikia ile ya tamthilia. Kwa sauti imeipita mbali. Ile ya tamthilia ilikuwa kibao cha mbao na taa, na mimi nyuma ya kioo nimezuia pumzi. Lakini ilimwambia nahodha hapana, na watoto waliitazama kwa hofu kidogo. Hii yako haina mtu wa kumwambia hapana, ndiyo maana ulimpeleka yeye ukaniacha mimi.

Na lile la Rufina sitalisahau kesho wala kesho kutwa. Nyumba ungeweza kuninyang'anya ukiwa na akili zako. Rufina ulimtia maneno mdomoni.

Namtafuta wakili. Usiniandikie.

Eulalia


Santa Inés
20 Februari

Doña Eulalia,

Ningependa kukuita wifi lakini sitatumia jina ambalo hujanipa. Mimi ni Domitila. Leobardo hajui kama nakuandikia. Tangu barua yako ya mwisho anachoma mikate, mji unakula mkaa.

Nataka ujue kwamba nilitambua kuwa si wewe. Si mwisho, ni mwanzoni kabisa. Ile sauti ilimwacha mjomba wangu amalize kila sentensi. Mjomba anazunguka mlima mzima kabla ya kufika kwenye neno, na sauti ikamngoja. Wewe uliwahi kuja kununua chokoleti kwangu mara tatu, na mara zote tatu ulinijibu kabla sijauliza. Nilikuchukia kidogo kwa hilo, kwa hiyo nalikumbuka vizuri.

Ndipo nikauliza habari za Rufina. Nilifikiri mashine itakwama na Leobardo ataizima na tutacheka. Haikukwama hata kidogo. Ilisema mmh kama mtu anayetafuta, lakini haikuwa inatafuta kitu. Nikatazama watu wanavyolia, nikamwona Leobardo, nami nikanyamaza. Hilo ni langu, simtupii mtu. Sikunyamaza kwa ajili ya nyumba. Nyumba ninayo, ni ndogo na inanuka kakao, lakini ninayo. Nilinyamaza kwa sababu nina miaka hamsini na minane na ilikuwa mara ya kwanza ukoo wa mtu kunikaribisha mbele ya watu.

Kisha nikaanza kushindwa kulala. Mimi na Rufina hatukupendana sana, bora niseme wazi. Alisema chokoleti yangu ina sukari ya kuficha kakao mbaya. Angekubali? Nadhani angenuna mwaka mzima, kisha angekuja kuniambia nimepanga vikombe vibaya. Hiyo ningeiweza. Lakini kuishi kwenye baraka ambayo hakuna aliyeitoa siwezi. Nitakaa mezani na Leobardo, atasema "dada alisema", na sote wawili tutatazama chini.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Mjomba nimemwambia ukweli. Hakuamini, anadhani unanitisha. Anasema mkate umeshaliwa. Nimemjibu kwamba aliyepewa anaweza kukataa, hakuna mkate unaozuia hilo. Nimekataa nyumba mbele ya mshumaa na mbele ya shangazi zangu wawili ili kusiwe na ubishi. Wakili humhitaji. Na Leobardo nimemwambia ndoa imesimama. Haijavunjika, imesimama tu kwa sasa.

Sasa nakuomba jambo ambalo ni gumu kuliko nyumba. Njoo. Kaa kwenye kile kiti, uulizwe na mjomba yale maswali, ujibu kwa koo ulilonalo. Ukisema hapana, nitalia na nitaendelea kusaga kakao. Nimechoka kungoja, lakini hapana yako itakuwa imetoka kwa mtu.

Domitila


Portales
26 Februari

Domitila,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasimama. Kisha nimetoka nikazunguka soko lote la Portales bila kununua kitu, nikarudi nikaisoma tena. Nina hasira nawe kwa sababu umeninyima sababu ya kuendelea na hasira, na nilikuwa nimeshamlipa wakili wa kwanza.

Ni kweli huwa simwachi mtu amalize. Ni ugonjwa wa kazi. Kwenye kuingiza sauti ukisubiri umeshachelewa, mdomo umefunga.

Nyumba sijaitoa na sitaitoa, nataka uisikie kwangu. Chumba cha mbele ni changu na nitakufa ndani yake, ikiwezekana miaka mingi ijayo na baada ya kuwaudhi wote. Nusu yenye tanuri ni ya Leobardo, na atakayemweka humo ni shauri lake. Kakao yako ikinuka mpaka kwangu nitafunga dirisha.

Kuhusu Rufina. Usiku wa mwisho aliomba maji, akalalamika kwamba mto ni mgumu, akaniuliza kama nimezima taa ya jikoni. Basi. Hakusema lolote kuhusu Leobardo kubaki peke yake au kutobaki. Nilikaa hadi asubuhi nikisubiri aseme kitu kikubwa, na hakusema. Ukiniuliza kama angekukubali, sijui. Nimelala na swali hilo tangu mwezi wa kwanza, na bado sijui. Labda angenuna, kama unavyosema. Nimecheka niliposoma hapo, kisha nimelia, kwa sababu ni mara ya kwanza katika miaka hii minne mtu kumtaja Rufina kama alivyokuwa.

Nakuja na basi la Jumamosi. Mwambie Leobardo aoke upya, na asichome. Simu zote ziwekwe ndani ya pipa la unga mpaka nimalize. Abundio akae mbali na meskali, au angalau karibu na mlango.

Mwambie na mjomba wako asitegemee yule msichana wa kwenye simu. Atakayeingia ni bibi kizee mwenye sauti ya kiti kinachoburutwa, na kama hanitambui wewe utamwambia ni nani. Akiuliza habari za nyumba, nitamjibu palepale. Akiuliza kama nakukubali, aagize chokoleti na awe na subira, maana nitafika hapo nikiwa bado nafikiri, na nataka nikuangalie usoni kabla sijasema.

Eulalia